Fundi, seva si yako

Wasee, leo kuna watu watanichukia, na wengine tumekula chapo sahani moja. Sawa tu.

Kauli yangu ni hii: kama umelipwa uweke seva ya mtu, halafu ukaacha mipangilio yake mahali ambapo wewe peke yako unapajua, hujafanya kazi. Umemteka mteja. Na hapa kwetu, kuanzia Nyeri mjini hadi Nanyuki, kutoka Karatina kushuka Kerugoya na Embu, tumeanza kuona huo ni ujanja. Ati "lazima wanirudie". Buda, hata jamaa wa jua kali akikuchomelea geti, fundi mwingine yeyote anaweza kulirekebisha likilegea. Sisi wenye laptop tunashindwa na mtu wa geti?

Wacha nieleze polepole, kwa sababu najua wengine mnaosoma ndio mmeanza, mko chuo Kimathi ama Karatina, na hivi karibuni mtu atawaita muwekee shule ama sacco tovuti.

Nikisema kifurushi hapa simaanishi bando za data. Namaanisha kile kitu ambacho Ubuntu ama Debian inakuletea ukiandika `apt install apache2`. Wengi wanadhani wameletewa programu tupu. Hapana. Umeletewa programu pamoja na ramani ya nyumba. Ukiingia `/etc/apache2` utakuta folda inaitwa `mods-available`. Hiyo ni stoo: moduli zote ambazo seva yako inaweza kutumia ziko hapo, kila moja na faili lake. Kando yake kuna `mods-enabled`. Hizo ndizo zimewashwa. Ukiandika `a2enmod rewrite`, hakuna faili linaloandikwa upya. Kinawekwa kiungo kidogo tu kinachotoka folda ya zilizowashwa kwenda stoo. Ukiandika `a2dismod rewrite`, kiungo kinatolewa, na faili lenyewe linabaki salama pale stoo.

Ni kama boksi la swichi pale ukutani nyumbani. Huhitaji kujua nani alipitisha waya. Unafungua, unaangalia ipi iko juu na ipi iko chini. Tovuti zenyewe zimepangwa hivyo hivyo, `sites-available` na `sites-enabled`. Mipangilio mingine midogo nayo iko hivyo, `conf-available` na `conf-enabled`. Mtu hajawahi kukuona maishani anaweza kuingia kwenye seva hiyo saa nane usiku na kwa dakika tano akajua kinachoendelea.

Na kuna kitu ambacho wengi hawajui, na mimi ndicho kilinifanya nianze kuheshimu hawa watu wa Debian. Mfumo unakumbuka ni nani aliyezima. Ukizima moduli kwa mkono wako, inaandikwa pale `/var/lib/apache2` kwamba mwenye seva ndiye aliyeizima. Kesho kifurushi kingine kikija na kutaka moduli hiyo iwashwe, hakikuwashii kwa nguvu. Kinaheshimu neno lako. Hata sheria zao za kutengeneza vifurushi zinasema wazi: mabadiliko ambayo mwenye mashine amefanya kwenye mipangilio lazima yabaki wakati wa apdeti. Kama umebadilisha faili, na kifurushi kipya nacho kimelibadilisha, dpkg inasimama na kukuuliza: tubaki na lako ama tuweke letu? Unaweza hata kuomba uonyeshwe tofauti kabla ya kujibu. Ukibonyeza Enter bila kufikiria, linabaki lako.

Yaani kuna watu, wengi wao wa kujitolea, wameketi miaka na miaka tangu 1993 wakifikiria vile usiumizwe na apdeti. Halafu wewe unakuja na pikipiki kutoka stage, unapindua kila kitu ndani ya dakika kumi.

Unapindua vipi? Nimeona njia tatu.

Ya kwanza ni XAMPP. Mtu ameweka XAMPP kwenye seva iliyo wazi kwa dunia nzima, na waliotengeneza XAMPP wenyewe wanasema ni ya kujaribia kazi kwenye mashine yako, si ya kuhudumia watu. Inakaa peke yake pale `/opt`. Apdeti ya mfumo ikikuja, haiigusi hata kidogo. `apt` haijui kama ipo.

Ya pili ni kufuta ramani. Fundi anatafuta maelezo mtandaoni, anapata yaliyoandikiwa watu wa Red Hat, kule ambako kila kitu kinaitwa `httpd`. Anaona hayafanani na mashine yake. Badala ya kuelewa, anabandika kila kitu ndani ya faili moja refu kama foleni ya Chaka siku ya mbuzi choma, moduli kumi na nane za kuwashwa kwa mkono, na tovuti tatu humo humo. Inawaka. Analipwa. Anaenda.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inafanana na uangalifu. Anajua amevuruga, anaogopa apdeti itamuumbua, kwa hivyo anaandika `apt-mark hold apache2`. Yaani ameambia mfumo usiguse hiyo programu tena mpaka mtu aje aifungulie. Mteja haambiwi. Seva inakaa hivyo, miaka inapita, na kila tundu linalogunduliwa duniani linabaki wazi kwake.

Sasa mtu ataniambia, "Si inafanya kazi?" Sawa, tuongee mambo yaliyotokea.

Septemba 2021 Apache ilitoa toleo la 2.4.49. Mwanzoni mwa Oktoba ikajulikana kwamba lina tundu, lile la CVE-2021-41773. Mtu angeweza kutuma anwani iliyopindwa kidogo na kusoma mafaili nje ya folda ya tovuti. Tarehe 4 Oktoba wakatoa 2.4.50. Haikutosha. Tarehe 7 wakatoa 2.4.51. Sasa angalia vitu vitatu hapo.

Kwanza, tundu hilo lilikuwa kwenye 2.4.49 tu, na kiraka kibovu cha 2.4.50. Matoleo ya nyuma hayakuwa nalo. Walioumia ni wale waliokimbilia toleo jipya kabisa wakalijenga wenyewe, wakicheka wengine kwamba vifurushi ni vya zamani. Halafu ilibidi wajenge upya, na tena upya, ndani ya siku tatu. Niambie ukweli: ungerudi Othaya mara mbili wiki hiyo kwa mteja aliyekulipa mwaka uliopita?

Pili, shambulio lilihitaji mipangilio iwe imelegezwa. Faili la mipangilio linalokuja na kifurushi cha Debian linaanza kwa kukataza mfumo mzima wa mafaili, `Require all denied`, halafu linafungua sehemu chache tu zinazohitajika. Aliyebaki na mistari hiyo alikuwa na mlango wa pili uliofungwa. Aliyeifuta ili "iache kusumbua" alibaki uchi.

Tatu, na hapa ndipo moduli zinaingia: kama CGI ilikuwa imewashwa kwenye njia hizo, mdukuzi hakuishia kusoma mafaili. Angeweza kuendesha amri zake ndani ya seva. Moduli moja. Ikiwa imezimwa, mtu anachungulia dirishani. Ikiwa imewashwa, ameingia jikoni na anapika. Na nikikuuliza sasa hivi, kwenye seva ya yule mteja wako, CGI imewashwa ama imezimwa? Kama umefuata ramani, ni `a2query -m` na jibu unalo. Kama kila kitu kiko kwenye lile faili refu la njia ya pili, shughuli yako ni kukisoma mstari kwa mstari na kuomba Mungu.

Kuna kingine ambacho hakipigi kelele. Ubuntu huweka apdeti za usalama zenyewe, kupitia `unattended-upgrades`. Kitu kizuri sana kwa shule ambayo haina mtu wa IT. Lakini kama umechora ndani ya faili la kifurushi lenyewe, na ikatokea apdeti nayo imelibadilisha faili hilo hilo, huo mfumo haukisii. Unaiacha hiyo apdeti kando na kuandika kwenye logi kwamba inahitaji mtu aje mwenyewe. Nani anasoma logi pale shuleni? Mwalimu wa Kemia? Ungeweka mabadiliko yako kwenye faili lako, ndani ya `conf-available`, ukaliwasha kwa `a2enconf`, kungekuwa na swali gani la kuuliza? Hakuna. Faili lao ni lao, lako ni lako, apdeti inapita.

Na PHP je? Hapa ndipo wengi wanashikwa. Ubuntu 20.04 ilikuja na PHP 7.4, ya 22.04 ikaja na 8.1, ya 24.04 ikaja na 8.3. Moduli ya kila toleo ina jina lake. Unapopandisha mfumo, ile ya zamani ikiwa bado imewashwa, mpya haijiwashi juu yake. Ni wewe wa kuzima ya kale na kuwasha mpya, amri mbili tu. Fundi asiyejua hilo anaona tovuti inalalamika, anaanza kufuta vitu. Anafuta PHP ya zamani. Sasa hakuna moduli ya PHP iliyowashwa hata moja. Apache haina habari kwamba faili la `.php` ni la kuendeshwa. Inalituma kwa mgeni jinsi lilivyo, kama maandishi. Lile faili lenye jina la hifadhidata na paswadi yake? Pia hilo. Hakuna mdukuzi aliyehitajika hapo. Ni moduli kukosa kuwashwa.

Julai 2023 wakati eCitizen ililemewa na wale waliojiita Anonymous Sudan, Kenya nzima ilikuwa inaongea kuhusu maadui wa nje. Poa. Hayo yalikuwa mafuriko, na mafuriko huzuiwi na `a2dismod`. Lakini seva ndogo za miji yetu haziangushwi na jeshi la mtu. Zinaangushwa na mlango ambao fundi aliacha wazi akaenda kunywa chai.

Na nani analipa? Si wewe. Fikiria kilicho kwenye hizo seva. Sacco ina namba za vitambulisho na mikopo ya watu. Chama cha wakulima wa kahawa kina orodha ya nani alipeleka kilo ngapi na namba ya simu ya malipo. Shule ina matokeo, karo, na majina ya watoto wadogo. Shosho wa Mukurweini hajawahi kusikia neno Apache, lakini namba yake iko hapo. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa watu, taasisi ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika milioni tano, ama asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Na si maneno matupu. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa zaidi ya milioni nne na nusu kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Ile haikuwa kesi ya seva, lakini inakuonyesha barua huenda kwa nani. Inaenda kwa shule. Mwalimu mkuu atapiga simu kwa fundi, na fundi alibadilisha laini.

Najua mnachotaka kusema. Wacha nijibu.

"Vifurushi ni vya zamani." Namba ndiyo ya zamani. Debian na Ubuntu huchukua kiraka cha usalama na kukirudisha kwenye toleo walilonalo, bila kubadilisha tabia ya programu. Ndiyo maana unaona namba haisongi na bado tundu limezibwa. Usisome kalenda kwa namba ya toleo.

"Siku hizi ni Docker." Sawa, naipenda pia. Lakini fungua ile picha rasmi ya PHP yenye Apache uone ndani: ni Debian, ni kifurushi kile kile, na moduli inawashwa kwa `a2enmod` ile ile. Umehamisha tatizo kwenye kontena, haujaliondoa. Na kontena ambayo hakuna mtu anaijenga upya ni seva iliyoshikiliwa, tofauti ni kwamba imepakwa rangi.

"Mimi natumia Nginx." Debian imeipa Nginx nayo `modules-enabled` yake, na `sites-enabled` pia. Wazo ni lile lile. Hata cPanel, ambayo wengi wenu mnaitumia kwa hosti za bei nafuu, EasyApache 4 yake ilihamia kwenye vifurushi. Kama hao wanaohudumia maelfu ya tovuti walichoka kujenga kwa mkono, wewe na mteja wako mmoja wa Gatundia mnajithibitishia nini?

"Nikiacha kila kitu wazi, watachukua fundi mwingine wa bei rahisi." Hapo sasa ndipo ukweli unatoka. Hili ndilo jibu lenyewe, mengine yote ni mapambo. Unaogopa kuachwa. Nakuelewa, doo ni ngumu na kazi za hapa ni chache. Lakini mteja anayebaki kwa sababu hawezi kuondoka hakupendekezi kwa mtu. Anakulaani kimya kimya. Na mji ni mdogo. Nyeri ukitoka Kimathi Way hadi soko umeshasalimia watu watano wanaokujua.

Pia sitasema Debian ni malaika. Kuna vitu vyao napinga. Moduli ya `autoindex` inakuja imewashwa, na `/var/www` inaruhusu kuorodhesha mafaili, kwa hivyo folda ikikosa ukurasa wa mwanzo mgeni anaonyeshwa kila kitu kilichomo, hata ile bakapu uliyoacha jana. Ukijaribu kuzima moduli hiyo inakulazimisha uandike sentensi nzima ya kukubali kwanza, kama mtoto anayeomba msamaha. Ongeza `Options -Indexes` kwenye tovuti yako na umalize hiyo stori. Halafu kuna `status`, nayo huwashwa tangu mwanzo. Inaruhusu mashine yenyewe tu kuangalia, na hiyo ni sawa mpaka uweke Nginx mbele ya Apache kwenye mashine hiyo hiyo. Kuanzia hapo Apache inaweza kumwona kila mgeni kama mwenyeji, na ukurasa wa `/server-status` unaanza kuanika nani anafungua nini. Kwa hivyo hapana, usiamini kifurushi kama dini. Lakini angalau unajua kilipo na unaweza kukibadilisha kwa njia ambayo mwingine ataiona.

Basi nikilipwa kazi ya seva, hiki ndicho naona mteja anadai kutoka kwangu, na wewe mteja unayesoma hii, anza kukidai:

Programu itoke kwa kifurushi cha mfumo. Moduli ziwashwe na kuzimwa kwa amri zake, na zisizohitajika zizimwe. Mabadiliko yangu yakae kwenye mafaili yangu, si juu ya yale ya kifurushi. `etckeeper` iwekwe, ili kila badiliko ndani ya `/etc` liwe na tarehe na jina. `apache2ctl configtest` kabla ya kuwasha upya, kila mara. Apdeti za usalama ziwe zinajiweka, na kama kuna kitu kimeshikiliwa, kiandikwe ni kwa nini na hadi lini. Mwisho, karatasi moja ya makabidhiano: moduli zilizowashwa, tovuti zilizowashwa, bakapu iko wapi, paswadi ziko kwa nani. Ukurasa mmoja. Ukishindwa kuandika ukurasa mmoja kuhusu kazi uliyofanya, hukuielewa.

Huu ni mji ambao ndani ya kiwanja cha Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kuna kampuni inayotengeneza chip. Chip, wasee, hapa Nyeri. Hatuwezi kujivunia hiyo asubuhi, halafu jioni tunaacha seva ya shule ya msingi ikishikiliwa na uzi.

Kwa hivyo leo usiku, kabla ulale, ingia kwenye seva ya mteja mmoja tu. Andika `apt-mark showhold`. Kama kuna jina limetokea hapo na wewe ndiye uliyeliweka, mpigie huyo mteja kesho asubuhi umwambie. Usingoje akupigie yeye.